Mwanamkisi na Makaango ya Chundwa

Watu wa Langoni, mtaa wa Lamu, walikuwa wakisema Mwanamkisi ana mdomo mchungu. Walisema kweli, lakini hakuja nao. Alipoletwa Lamu kuolewa alikuwa mtu wa kuitika "labeka" na kutazama chini. Uchungu aliupata humo humo nyumbani, kidogo kidogo, mpaka ukamkaa.

Alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mamake alikuwa mtu wa Chundwa, kisiwani humo humo, na wanawake wa kwao walifinyanga mitungi, vyetezo, na yale makaango mapana ya udongo ya kuokea mikate, yenye ukingo mfupi na kifuniko kizito cha kupalia makaa. Mwanamkisi mwenyewe hakuwa mfinyanzi. Kila alichofinyanga kiliinama upande mmoja kama mtu anayeumwa na sikio. Lakini kuoka alijua, na kulitunza kaango alijua zaidi, maana mamake alimfunza hayo kwa makofi.

Kaango la udongo halioshwi kama sahani. Likitoka motoni huachwa lipoe lenyewe. Ukilimwagia maji baridi limekwenda. Likishapoa hukwanguliwa kwa kipande cha kifuu, si kwa chuma, kisha hupitishiwa kitambaa na maji ya vuguvugu, basi. Huanikwa kivulini kwanza, halafu juani, kinywa chini, mpaka liwe jepesi mkononi. Mwisho hupakwa mafuta ya nazi, kidogo tu, kama apakwavyo mtoto mchanga. Ule weusi unaoingia ndani baada ya mikate mingi si uchafu. Ndiyo ngozi yake, na ukiuondoa umelichuna. Sabuni haitakiwi hata kulikaribia. "Udongo hunywa," mamake alikuwa akisema. "Chochote utakachoupa utakinywa, kisha utakitapika siku usiyotaka."

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini aliolewa na mtu mmoja aitwaye Wazir, fundi wa makubadhi wa Lamu aliyezoea kwenda Siyu kununua ngozi. Mwanamkisi akaletwa kwa mashua na makaango matatu ya mamake, yamefungwa ndani ya makumbi ya nazi yasigongane.

Nyumba aliyoingia haikuwa ya Wazir peke yake. Ilikuwa nyumba ya mawe waliyoachiwa na wazazi, yeye na dadake Saadiya, mwanamke aliyekwisha kuachwa na waume wawili na asiyekuwa na nia ya kumtafuta wa tatu. Saadiya alikuwa msafi. Hata waliomchukia walilikubali hilo. Masinia yake ya shaba aliyasugua kwa ndimu na jivu mpaka ukayaona meno yako ndani yake, na kizingiti chake kilioshwa asubuhi na alasiri. Siku bibi harusi alipofungua makumbi jikoni na kuyatoa makaango, meusi, yaking'aa mafuta, Saadiya alisimama mlangoni ameshika pua.

"Haya ni nini?"

"Makaango, Bi Saadiya. Ya mamangu."

"Kwani huko kwenu hakuna mai?"

Mwanamkisi alitazama chini; maji kwao yalikuwepo tele.

"Nauliza, maana nti yenye mai haitoi vyombo kama hivi. Yapeleke uani, karibu na choo."

Wazir aliposikia habari hiyo alicheka, akidhani ni utani wa mawifi. Jioni aliletewa mkate wa kumimina, uliopaliwa makaa juu na chini, umeumuka na kuwa mwekundu pembeni, una harufu ya iliki na nazi. Alikula, akalamba vidole, akasema mbele ya dadake, "Makaango haya yasitoke jikoni." Kwake yalikuwa maneno ya mtu aliyeshiba. Saadiya aliyachukua kama amri ya kumtoa yeye, na hakuyasamehe.

Maadamu Wazir alikuwa hai, vita vilipiganwa chini kwa chini. Chumvi ilikwisha ghafla. Kuni za Mwanamkisi zilikutwa zimelowa. Mwanamkisi alipoteza mimba, kisha akapoteza ya pili, na Saadiya akamwambia jirani yao Tima, kwa sauti ya kupenya ukutani, "Kila chake kimeungua. Makaango yameungua, na tumbo nalo limeungua." Mwanamkisi alikuwa chumbani, akasikia. Tangu siku hiyo hakumwita tena Bi Saadiya. Alimwita "wewe".

Mwaka ule bara kulipokuwa na hali ya hatari, watu wakinong'ona juu ya wafungwa walioletwa Manda, Wazir alishikwa na homa, akafa kabla dawa za kizungu wala kombe la aya za Kurani la kunywa havijamfaa. Mwanamkisi akakaa eda katika chumba cha nyuma. Alipotoka, Saadiya alikuwa anamngoja kwenye kiti.

"Aliyekuleta ameondoka," alisema. "Ndia ya Siyu unaijua."

"Fungu langu liko hapa."

"Fungu la nini? Umezaa nini humu?"

"Fungu la mke. Mungu amelitaja. Muulize ami yako kama hulijui."

Ami huyo alikuwa Bwanamkuu, ndugu wa baba yao, mzee aliyechoka, aliyechukia kelele za wanawake kuliko alivyoogopa dhambi. Alikuja, akanywa kahawa, akasema mjane ana haki: chumba cha nyuma ni chake, na jiko watumie wote wawili. Aliyasema haraka, akatafuta viatu vyake. Hivyo wanawake wawili waliochukiana wakapewa jiko moja na dari moja, bila mtu wa katikati.

Mwanamkisi akaanza kuuza mikate. Hapakuwa na njia nyingine, na mikate yake watu waliipenda. Mteja wake mkubwa alikuwa Madi, mwenye mkahawa kule karibu na soko, ambaye alichukua kila alichooka na kurudi kuuliza kama kimebaki. Saadiya aliona haya. Nyumba ya baba yake, ambayo wanawake wake hawakuuza kitu tangu ijengwe, sasa ilikuwa inanuka moshi na kugongwa mlango na watu wa mkahawani. Mwanamkisi aliijua haya hiyo, na aliifurahia. Siku ambazo Saadiya alianika nguo uani, yeye alichagua makumbi mabichi ya kuwashia moto. Upepo ulipokataa kuupeleka moshi upande wa nguo, aliusaidia kwa kipepeo.

Basi yalikuwa hayo, mpaka Ramadhani moja.

Mwezi huo ndio ulikuwa wa mikate. Kila nyumba ilitaka mkate wa kufuturu. Alasiri moja Madi alikuja mwenyewe na kapu lililojaa mikate ya jana.

"Bi Mwanamkisi, umetia nini humu?"

"Nilichotia siku zote."

"Watu wamefungua kwa tende, wakamega mkate, wakatema. Mmoja aniuliza kama nimewapa nguo ya kufua."

Mwanamkisi alimega, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema, maana alikuwa amefunga. Sabuni. Alirudi jikoni bila kuaga. Kwa haraka ya futari ya jana alikuwa amemimina unga bila kuyakagua makaango. Sasa aliyageuza upande wa mwanga. Ule weusi wa miaka, wa mikono ya mamake na yake, ulikuwa umeparuzwa. Udongo ulionekana mwekundu, umechubuka kama goti la mtoto. Alimimina maji moto ndani ya moja, akangoja. Povu jembamba likapanda pembeni.

Saadiya alikuwa sebuleni akisuka ukili, na Tima amekaa naye.

"Nani aliyeosha makaango yangu?"

"Mimi," Saadiya alisema, hakuinua uso. "Kwa sabuni ya mche na magadi. Nimesugua mpaka bega likaniuma. Watu wanakula vyakula kutoka nyumba hii, na jina litajwalo ni la baba yangu. Husemi ahsante?"

"Umeyaua."

"Nimeyatoa masizi. Kama kwenu masizi ndiyo kitoweo, hilo silijui."

"Ulijua. Miaka yote hii umeniona nayatunza. Ulijua."

Hapo Saadiya aliinua uso, na Tima alisema baadaye kwamba alikuwa anatabasamu. "Na nikiwa nilijua?"

Mwanamkisi alitamka maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyatamka. Tima aliziba masikio, lakini hakuyaziba sana.

Siku zilizofuata alijaribu kuyaponya. Aliyajaza maji na wishwa wa mpunga, akayachemsha kwa moto mdogo, akamwaga, akarudia mpaka maji yakaacha kuteleza kidoleni. Kisha akayakausha juani na kuyarudisha motoni matupu, polepole, ili udongo utapike ulichobakiza. Moja lilitoa mlio kama wa kidole kinachovunjwa, likapata ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Yale mawili yalipona. Aliyapaka tui zito, akayachoma, akayapaka mafuta, akaanza tena kuyajengea ngozi kama mtu anayemlea mgonjwa. Lakini Ramadhani ilikuwa imekwenda, na Madi alikuwa amepata mwokaji mwingine kule mtaa wa Mkomani. Mwanamkisi akaanza kulala na makaango chumbani, mlango ameufunga kwa ufunguo, na mdomo wake ukawa ule uliokuja kujulikana mtaa mzima.

Baada ya Idi, Saadiya alitaka kumsomea Wazir hitma. Alialika jamaa na majirani, wanaume juu, wanawake chini. Na kwa kuwa marehemu alipenda mkate wa kumimina, alitaka uwepo. Kumwomba wifi yake auoke ilikuwa sawa na kumpigia magoti. Alimtuma mtu amletee kaango jipya kutoka Chundwa. Lilipofika aliliosha kwa sabuni, akalisuuza, akalitumbukiza ndani ya pipa la maji likalala humo usiku kucha, litakate. Asubuhi alilifuta kwa kitambaa, juu juu.

Mwanamkisi alikuwa amekaa juu ya mbuzi mlangoni mwa jiko, anakuna nazi, maana hata adui hakosi kumkunia mumewe nazi ya hitma. Kutoka juu sauti za wanaume zilikuwa zimeanza Yasini. Saadiya alipalia makaa mpaka yakawa meupe, akaliweka kaango juu yake. Tima alichuchumaa karibu, akikoroga unga.

Mwanamkisi alitazama mara moja tu, akajua. Rangi ilikuwa nzito, ya udongo ulioshiba maji. Chini ya ukingo kulikuwa na jasho. Na kaango lilikuwa linalia, kwa sauti nyembamba ambayo mtu asiyefunzwa angedhani ni mbu.

"Sikiza," alisema.

Saadiya aligeuka. Wanawake wengine walikuwa wamejaa ukumbini, wanamtazama. "Yeo ni hitma ya ndugu yangu," alisema. "Yeo sitaki kusikia sauti ya Siyu jikoni mwa mamangu. Umepewa nazi. Ikune."

Mwanamkisi akafunga mdomo. Mtu angeweza kusema alifunga kwa sababu ya kutukanwa, na wengine walisema hivyo. Lakini alifunga kwa raha. Alihisi kitu kinashuka kifuani, kitamu, kama maji ya magharibi kwa mtu aliyefunga. Akakuna nazi. Saadiya alichukua kopo la samli.

"Tima," Mwanamkisi aliita kwa upole, "hebu njoo unipokee kifuu hiki."

Tima aliacha mwiko, akainuka, akaja. Alikuwa bado hajanyoosha mkono wakati samli ilipomiminwa na kaango likapasuka.

Lililipuka kama kitu kilichopigwa kutoka ndani. Vigae viliruka hadi kwenye boriti za dari. Samli ya moto ilimrukia Saadiya mkono wote wa kulia, kuanzia kidole mpaka kwapani, na makaa yakamwangukia mapajani. Kisomo kilikatika juu. Wanawake walipiga mayowe, wakamvua, wakamwagia maji, mwingine akaleta asali. Katikati ya vurugu hiyo Saadiya alimtafuta wifi yake kwa macho, akampata. Mwanamkisi bado alikuwa amekaa juu ya mbuzi, na kifuu mkononi. Walijuana.

Jeraha lilichukua muda mrefu. Kila asubuhi, Tima alipokuja kubadilisha kitambaa, Mwanamkisi alisikia kilio kutoka chumba cha mbele. Alikaa kitandani akisikiliza. Alingoja huruma ije, kwa kuwa alijua inatakiwa ije, lakini haikuja. Na jambo hilo lilimtisha kuliko kilio chenyewe. Alizidisha sala. Hakumwambia mtu.

Mkono ulipofunga kidonda ulibaki umepinda kiwikoni na haukunyooka tena. Ndipo Saadiya akamwita ami yake, akasema neno moja tu: kabla ya kaango kupasuka, Mwanamkisi alimwita Tima.

Bwanamkuu alimweka Mwanamkisi mbele yake. Safari hii hakuitaka kahawa.

"Uliliona kaango lina mai?"

"Niliona, ami."

"Mbona hukusema?"

"Nilifungua mdomo. Nikaambiwa nikune nazi."

"Hilo nimelisikia. Lakini Tima ulimwita."

"Nilimwita."

"Kwa nini?"

Mwanamkisi alikuwa na majibu mengi ya uongo, mazuri, aliyoyapanga tangu siku ile. Alimtazama mzee, akaona hana haja nayo. "Tima hakunikosea," alisema.

Mzee akasema kwamba sheria haina neno juu ya mtu aliyenyamaza, na kwamba Mwanamkisi ashukuru hilo duniani, maana huko mbele hakuna wa kumdanganya. Fungu lake hatanyang'anywa. Lakini jiko halitakuwa moja tena.

Akaletwa mwashi. Mlango wa kati ukazibwa kwa mawe na chokaa. Saadiya akabaki na jiko, sebule na mlango wa barabarani. Mwanamkisi akapewa chumba chake, kipande cha ua na mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni, ambako punda hupita wamebeba mchanga. Alijijengea meko ya mawe matatu, akaendelea kuoka. Wateja wapya walipatikana, kwa kuwa watu hupenda mkate kuliko wanavyopenda haki. Ila wanawake waliokuja kununua hawakukaa. Walitoa kapu, wakapokea, wakaenda zao, na mmoja alimkataza binti yake asipokee kitu cha moto mkononi mwa Mwanamkisi.

Hilo lilimwuma, na alipoumwa alifikiri. Idi iliyofuata alioka mkate mzuri kuliko yote, akauweka kwenye sahani, akaufunika kwa kawa jipya, akampa Tima. "Mpelekee wifi yangu. Mwambie Idi Mubaraka."

Tima alipita kichochoroni, akazunguka hadi mlango wa barabarani, mbele ya watu wote waliokuwa wakipeana mikono ya Idi. Saadiya alifunua kawa, akautupa mkate barabarani kwa mkono wake wa kushoto. Punda waliula. Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema, masikini Mwanamkisi, kumbe yeye ataka amani, na yule mwenzake ndiye mwenye moyo mweusi.

Mwanamkisi alisikia, akalala usingizi mzuri. Idi Kubwa akapeleka tena, na mkate ukatupwa tena. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Ikawa desturi, watoto wakijua na punda wakijua. Kila mkate uliotupwa ulimrudishia Mwanamkisi jina lake kidogo na kumpunguzia Saadiya lake. Wanawake walianza kukaa kidogo pale mlango wa nyuma, wakiulizana habari. Tima peke yake hakudanganyika. "Wewe hutumi mkate," alimwambia. "Watuma jiwe." Lakini aliupeleka kila mara, kwa sababu sikukuu ni sikukuu.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inakaribia kwisha, Idi moja, Tima alirudi na sahani tupu mapema kuliko kawaida, akakaa mezani pa unga.

"Ametupa?"

"Hakutupa."

"Basi ameufanyaje?"

"Ameula. Mbele yangu. Kipande kwa kipande, mpaka ukaisha."

Mwanamkisi aliacha kukanda. Ilikuwa kama mtu aliyeegemea mlango, ukafunguliwa. "Amesema nini?"

Tima alisitasita. "Amesema nikwambie hamira imezidi."

"Hamira?"

"Ndivyo alivyosema."

Mwanamkisi alifuta mikono kwa kanga, akauendea ule ukuta wa mlango uliozibwa, akaupiga kwa kiganja mpaka chokaa ikadondoka. Tangu siku ya hitma hakuwa amemsemesha Saadiya.

"Haikuzidi!" alipiga kelele. "Wasikia wewe? Haikuzidi!"

Kutoka upande wa pili, sauti ya Saadiya ikaja, ya karibu mno, kama ya mtu aliyekuwa ameegemea ukuta huo huo.

"Imezidi! Na iliki ni ya mwaka jana!"

"Iliki ya mwaka jana! Wewe wajua nini cha mkate, wewe uliyetia kaango pipani likalala?"

"Na wewe uliyekaa ukatazama, wajua nini cha Mungu?"

Wakaendelea hivyo, kila mmoja na upande wake, wakifukua jambo baada ya jambo, la mimba, la moshi, la sabuni, la Wazir alipenda nini na alimpenda nani. Adhuhuri iliadhiniwa, wakanyamaza ili waitikie adhana, ikaisha, wakaanza tena. Tima aliukanda unga uliobaki, akaufunika, akavaa buibui lake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kichochoroni aliwakuta majirani wawili wamesimama wanasikiliza.

"Wanasemezana?" mmoja aliuliza.

"Watukanana," Tima alisema, akapita.